Paka wa kahawia Kigoma na Tabora: wa milia, mweusi aliyepauka, au chokoleti?

Mtu akikuambia, pale Mwanga au Ujiji, kwamba ana mtoto wa paka wa kahawia wa kugawa, usimjibu kabla hujamwona paka mwenyewe mchana, nje, kwenye mwanga wa jua. Chini ya jina hilo moja wamo paka tofauti kabisa. Mmoja amezaliwa na rangi yake na atazeeka nayo. Mwingine ni mweusi aliyepauka, na miezi michache ya kula vizuri itamrudishia weusi wake. Wa tatu ana kahawia ya kweli toka shina la unyoya hadi ncha, naye ni nadra kwenye mitaa yetu. Na kijijini, kando ya pori, yupo ambaye hupaswi kumchukua kabisa.

Nalitilia mkazo kwa sababu nimeona paka wakichukuliwa kwa ajili ya rangi na kutupwa kwa ajili ya rangi hiyo hiyo. Nyumba haitaki paka mweusi, maana majirani wataanza maneno ya uchawi. Inachukua “wa kahawia”. Paka anakula, anapata nguvu, anabadilisha manyoya, anakuwa mweusi kama mkaa, na safari yake inaishia jalalani. Hilo linaniuma, na dakika mbili za kuangalia vizuri zingelizuia.

Namna ya kuangalia ni hii. Mshike mtoto wa paka kwa utulivu, tenganisha manyoya ya ubavuni kwa vidole viwili mpaka ngozi ionekane, kisha ufuate unyoya mmoja toka shina hadi ncha. Ukiona mikanda, yaani giza, kisha manjano, kisha giza tena, huyo ni wa milia. Ukiona shina jeusi na ncha nyekundu kama kutu, huyo ni mweusi aliyepauka. Ukiona kahawia moja isiyobadilika kote, umeshika chokoleti. Baada ya hapo geuza mguu uangalie unyayo, kisha pua. Wa milia ana nyayo nyeusi na pua ya rangi ya tofali iliyozungushiwa mstari mweusi. Aliyepauka ana pua nyeusi na nyayo nyeusi. Chokoleti hana weusi popote: pua yake ni ya kahawia, na nyayo zake ni kahawia inayoelekea waridi. Ukiwa na shaka kuhusu manyoya, amini pua na nyayo, kwa sababu hizo jua na chakula haziziharibu kirahisi.

Wa milia

Huyu ndiye paka wa kahawia wa kawaida kwetu, na niseme mapema kwamba ndiye ninayemchagua. Kwa jeni zake, yaani maagizo ya urithi toka kwa wazazi, ni paka mweusi. Kinachompa sura ya kahawia ni ile mikanda: unyoya unapoota, mwili unaweka rangi nyeusi, unahamia manjano, kisha unarudi kwenye nyeusi. Ukimtazama kwa mbali, macho yanaichanganya mikanda hiyo na kuona kahawia ya nyasi kavu za Agosti kule Sikonge. Kwenye milia yenyewe manyoya ni meusi matupu. Ana alama kama herufi M kwenye paji la uso, mistari inayotoka pembeni mwa macho, bangili miguuni na pete mkiani.

Jeni inayoendesha mabadilishano hayo inaitwa ASIP. Paka akirithi nakala mbovu ya jeni hiyo toka kwa baba na nyingine toka kwa mama, mikanda inapotea na anazaliwa mweusi mtupu. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba kasoro yenyewe ni ndogo mno: herufi mbili tu za DNA, yaani maandishi ya jeni, zimekatika. Kwa anayechagua, maana yake ni hii: paka wawili wa milia wanaweza kuzaa mtoto mweusi, lakini weusi watupu wawili hawazai wa milia ya kahawia. Mama akiwa mweusi na mtoto wa milia, mikanda imetoka kwa baba.

Milia nayo si ya namna moja. Wengi wana mistari myembamba iliyoshuka ubavuni; wengine wana mabaka mapana yaliyojikunja. Tofauti hiyo inatoka kwenye jeni nyingine, na utafiti uliotoka mwaka 2012 uligundua jambo linalonifurahisha hadi leo: jeni hiyo hiyo, ikipata kasoro kwa duma, madoa yake ya mviringo yanaungana na kuwa mabaka marefu na mistari mgongoni. Anayelala kwenye gunia lako la karanga na duma wa mbugani wanachorwa kwa kalamu moja.

Kuna wanaomdharau paka huyu kwa kuwa yuko kila mahali. Waangalie Sokoke. Mwaka 1978, pwani ya Kenya karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mama mmoja aliyekuwa na shamba la minazi aliokota watoto wa paka wenye mabaka ya kahawia, akawalea. Baadaye baadhi yao walipelekwa Denmark, na leo Sokoke ni jamii ya paka inayotambuliwa na vyama vya wafugaji Ulaya na Marekani. Rangi yake ni hiyo hiyo ya milia ya kahawia, unyoya wenye mikanda. Kwa hiyo anayetaka paka wa kahawia mwenye asili ya Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali.

Ana kero moja. Viroboto hawaonekani upesi kwenye manyoya yenye mchanganyiko. Chukua chanuo lenye meno ya karibu karibu, mchane, kisha kung’uta chanuo juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vumbi jeusi likiacha alama nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, chenye damu ndani yake. Na ukishagundua, tafadhali usichukue dawa ya kuogeshea ng’ombe. Tabora ni mkoa wa mifugo na dawa hizo ziko kila duka la pembejeo, lakini permethrini, sumu ya wadudu iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, na jamii yake, ambazo mbwa na ng’ombe wanazivumilia, kwa paka ni sumu: anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Muulize daktari wa mifugo dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

Mweusi aliyepauka

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Weusi wa paka unaweza kupungua kwa njia mbili, na ni muhimu kujua ipi inamhusu huyo aliye mbele yako.

Njia ya kwanza ni jua. Melanini, yaani kemikali inayoupa unyoya rangi, haijirekebishi. Unyoya ukishaota ni kitu kilichokufa, na jua likiupiga miezi mingi rangi inafifia kuanzia nchani. Paka anayeshinda juu ya mabati ya ghala, au kwenye mchanga wa Kibirizi ambako dagaa wanaanikwa, atakuwa na mgongo wenye wekundu na tumbo jeusi. Tofauti hiyo ya mgongo na tumbo ndiyo dalili. Akibadilisha manyoya, mapya yanatoka meusi. Hana ugonjwa.

Njia ya pili ni chakula, na hii inahitaji hatua. Ili mwili utengeneze melanini nyeusi unahitaji tairosini, ambayo inatokana na protini, na pia shaba kidogo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kiasi cha tairosini na fenilalanini, jamaa yake ndani ya protini, kinachotosha kumkuza mtoto wa paka hakitoshi kuyaweka manyoya yake kuwa meusi. Mwili unatanguliza misuli na viungo. Rangi inakuja mwisho. Kwa hiyo paka anaweza kukua, kucheza, hata kukamata panya mmoja mmoja, huku manyoya yake yakitoka mekundu kwa sababu protini anayopata inaishia kwenye kukua tu. Wekundu wa njaa haubagui mgongo na tumbo. Unaenea mwili mzima, na mara nyingi ukitenganisha manyoya utaukuta mpaka karibu na shina, kwa kuwa unyoya umeota tayari ukiwa na upungufu.

Fikiria basi nyumba mbili. Ya kwanza iko Katonga, ziwani, paka anapata vichwa vya migebuka na dagaa waliomwagika. Akionekana mwekundu mgongoni, mimi nitalishuku jua kwanza. Ya pili iko Tabora mjini, Isevya au Cheyo, paka anapewa ugali uliolowekwa kwenye maziwa kwa imani kwamba paka na maziwa ni ndugu. Huyo akiwa mwekundu mwili mzima, nitakishuku chakula. Paka si mla nafaka. Mwili wake hautengenezi ya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, na lazima aipate kwenye nyama au samaki. Akiikosa kwa muda mrefu macho yanaharibika, na tangu mwaka 1987 inajulikana kwamba hata misuli ya moyo inalegea. Maziwa nayo paka wazima wengi hawayameng’enyi vizuri, yanawaharisha.

Dagaa wa Kigoma wanafika Tabora kwa treni na kwa barabara, kwa hiyo dawa ya tatizo hili ipo sokoni. Waoshe mchanga utoke, wachemshe bila chumvi, wasage kidogo. Changanya na maini au utumbo wa kuku mara kwa mara, maana samaki peke yake kila siku si mlo kamili. Samaki wabichi wape kwa tahadhari, kwani baadhi yao wana kimeng’enya kinachoharibu vitamini B1, nako kuchemsha kunakimaliza. Usitegemee kuona mabadiliko wiki ya pili. Manyoya ya zamani yatabaki mekundu mpaka yadondoke, na weusi utaanza kuonekana shinani.

Kuna jambo moja zaidi kwa watoto wadogo. Wengine weusi huzaliwa na kivuli cha milia kinachoonekana juani tu, na wengine huzaliwa na ncha za kijivu au za fedha kama mama aliugua homa akiwa na mimba. Vyote hivyo vinaondoka wanapokua. Mtoto mweusi mwenye kivuli cha milia usimhesabu kuwa wa milia. Angalia ile M kwenye paji la uso na pua yenye mstari.

Sasa, je, umchukue? Ndiyo, kama nyumba yako iko tayari kuishi na paka mweusi. Swali hilo jiulize kabla, si baadaye. Ukijua mama mkwe au mpangaji mwenzako atamfukuza siku atakapokuwa mweusi, mwachie mwingine. Weusi wake ni herufi mbili zilizokatika kwenye DNA. Hakuna usiku wala mkono wa mtu ndani yake.

Chokoleti, na jamaa zake

Kahawia ya kweli ni suala la jeni nyingine, TYRP1. Jeni hii inasaidia kukamilisha melanini nyeusi. Ikiwa na kasoro ya namna moja, rangi inaishia kuwa chokoleti. Ya namna nyingine, inakuwa hafifu zaidi, kama mdalasini. Nyeusi inaitawala chokoleti, na chokoleti inaitawala mdalasini. Kwa hiyo mtoto wa chokoleti lazima apate kasoro toka pande zote mbili, hata kama wazazi wote wawili ni weusi kwa sura. Wazazi weusi wanaobeba jeni hiyo kwa siri, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka chokoleti.

Uingereza, miaka ya 1950, wafugaji waliwachanganya paka wa Siam waliobeba jeni hiyo na paka weusi, wakapata paka wa kahawia mwili mzima aliyekuja kuitwa Havana. Alichaguliwa na kulindwa kizazi baada ya kizazi. Mitaani kwetu hakuna anayepanga ndoa za paka, na jeni inayohitaji pande mbili hukaa imejificha. Mtu akikuomba pesa nyingi kwa mtoto wa “chokoleti” sokoni, geuza unyayo. Ukiwa mweusi, huyo ni paka mweusi aliyepauka na bei yake ni sawa na ya ndugu zake. Na hata ukiwa wa kahawia kweli, sioni sababu ya kulipa: hali bora, hawindi bora, haishi zaidi kwa sababu ya TYRP1.

Jamaa yake mwingine wa kahawia ni paka wa Burma. Mwaka 1930 Dk. Joseph Thompson wa San Francisco alipata paka jike wa kahawia aliyetoka Burma, jina lake Wong Mau, na paka wa Burma wa Marekani walitokana naye. Kahawia yake ni weusi uliopunguzwa na kimeng’enya kisichopenda joto: kinafanya kazi vizuri sehemu za mwili zilizo baridi, ndiyo maana uso, masikio, miguu na mkia vinakuwa na giza kuliko tumbo. Paka wa Siam ana kasoro ya jamaa hiyo hiyo, kali zaidi, na watoto wake wanazaliwa weupe kwa sababu tumbo la mama ni la joto. Kwetu huyu ni wa kuletwa. Sitamzungumzia zaidi.

Watu wengine humwita wa kahawia hata paka mwekundu, yule wa rangi ya chungwa. Huyo ni kundi jingine. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, na mwaka 2025 timu mbili, moja ya Japani na moja ya Marekani, zilichapisha kwamba ni kipande cha DNA kilichopotea karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Dume anahitaji nakala moja tu, jike mbili, ndiyo maana wekundu wengi ni madume. Mwenye mabaka mekundu na meusi pamoja ni karibu kila mara jike. Kama hutaki kuletewa watoto nyumbani na huna njia ya kumfunga uzazi, habari hiyo inakufaa kuliko uzuri wa rangi, maana paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita, na mimba ni miezi miwili tu na siku chache.

Yule wa porini

Ukiwa Urambo, Kaliua, Kasulu vijijini au popote penye miombo, mtoto anaweza kuokotwa shambani wakati wa kusafisha mashamba, akaletwa kwenye boksi: kahawia ya mchanga, milia iliyofifia. Angalia nyuma ya masikio. Paka mwitu wa Afrika ana wekundu wa kahawia nyuma ya masikio, miguu mirefu, na mkia mwembamba wenye pete na ncha nyeusi. Ni mhenga wa paka wa nyumbani. Uchunguzi wa DNA wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa jamii yake kutoka Mashariki ya Kati. Lakini undugu huo haumfanyi afae kufugwa. Hatulii akikua, kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na paka wa nyumbani wakizaana naye wanamaliza mbegu yake. Mara nyingi mama yuko karibu, ameenda kuwinda. Mrudisheni alipotoka, msimguse kwa mikono mitupu, na akimkwaruza au kumng’ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kwa nyumba yako

Mwenye ghala la mahindi au tumbaku, mwenye duka la nafaka, mwenye watoto wadogo nyumbani: kwangu jibu ni wa milia, jike au dume kulingana na uwezo wako wa kuzuia uzazi. Mwenye moyo wa kulisha vizuri na nyumba isiyosumbuliwa na maneno, amchukue yule mweusi mwenye kutu, kwa kuwa ndiye anayebaki mwisho kwenye boksi. Kama wa milia ana mabaka meupe, pendelea mwenye masikio na pua yenye rangi. Ngozi nyeupe ya masikioni na puani haina melanini ya kuikinga, na jua la miaka mingi linaweza kuileta saratani ya ngozi, inayoanza kama kidonda kisichopona.

Rangi yoyote utakayoichagua, tabia haimo humo. Inajengwa zaidi kati ya wiki ya pili na ya saba, wakati mtoto bado yuko na mama na mikono ya watu inamzoea. Kwa hiyo ukienda kuangalia, usifike kwa ajili ya manyoya tu. Uliza mama yuko wapi, anakamata panya au la, na watoto wanashikwa na nani. Mwache mtoto anyonye hadi wiki nane. Akifika miezi mitatu mpeleke kwa afisa mifugo wa kata akachanjwe kichaa cha mbwa. Kama hana chanjo siku hiyo, uliza kuhusu kampeni zinazofanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na umpeleke akiwa ndani ya kikapu chenye mfuniko, maana mbwa watakuwa wengi kwenye foleni.